Kokoto Nyuma ya Kisigino

Kila nyumba kijijini kwetu inaruhusiwa watu wawili mlimani msimu wa yartsa. Majina yanaandikwa, na mwezi mzima kabla ya kupanda mkuu wa kijiji anatuita uwanjani pa hekalu mara nne kwa siku, asije mjanja mmoja akatangulia. Jina likifutwa halirudi. Mwenye jina anabaki bondeni kuchunga yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, mpaka azeeke.

Mwaka huu langu lilikuwa linaning'inia, kwa sababu ya macho.

Yartsa ni kiwavi aliyefia ardhini akaota kijiti kichwani, cheusi, chembamba kama njiti ya kiberiti. Ni dawa, na wanunuzi wanaigombania. Sisi ndiyo inayotupa mchele na mabati. Ili uione lazima utambae, pua chini. Mimi nina miaka arobaini na minane, na kitu kilicho karibu na pua nakiona ukungu mtupu. Miwani niliyonunua mjini ilikanyagwa na yaki.

Mdogo wake mke wangu, Tenpa, anaishi kwetu. Alitubebea unga wa shayiri mpaka kambini, kisha hakushuka; alitaka nafasi yangu.

"Nakusubiri, shemeji," alisema. "Yaki wamekukumbuka."

"Na wewe wamekuchoka."

"Mama Sangmo," akamgeukia dada yake, "huyu mwaka jana alileta tisa. Kuku angeleta zaidi."

Yangzom, mke wangu, alikoroga chai ya siagi, hakumtetea mtu. Kisha akaniambia, "Mkuu anaruhusu kubadili jina mpaka jioni ya siku ya tatu. Ukipata, unabaki. Usipopata, Baba Sangmo, utashuka. Sina maneno mengine."

Ilikuwa haki. Sikupenda, lakini ilikuwa haki.

Siku ya kwanza nilitambaa mpaka magoti ya suruali yakatoboka. Nilichimba majani makavu kumi na mawili na mzizi mmoja. Siku ya pili nilipata yartsa ya kweli, nikaivuta kabla sijaona kiwavi anaanzia wapi. Kijiti kikabaki mkononi, kiwavi akabaki chini. Iliyokatika haina mnunuzi.

Tenpa aliishika jioni mbele ya watu wote. "Shemeji amepata nusu," akasema. "Basi ashuke nusu. Miguu ishuke, tumbo libaki lile."

Walicheka. Hata mkuu wa kijiji alificha mdomo kwenye kikombe.

Siku ya tatu nilipanda kwa ukaidi tu. Jua lilipochomoza juu ya mgongo wa mlima, magoti yalikataa. Nikakaa. Kwetu mtu anayekaa mlimani ni mvivu, kwa hiyo sijawahi kukaa huko tangu nilipoacha shule nikaanza kazi hii. Yangzom alikuwa juu yangu, hatua nane hivi, akitambaa. Mwanga ulikuwa unatoka nyuma yake, na kila jani lilisimama jeusi peke yake.

Nyuma ya kisigino chake cha kushoto kulikuwa na kijiti kisicho jani.

Nilikiona vizuri kama ninavyomwona yaki ng'ambo ya bonde. Ya mbali macho yangu hayajawahi kunikosea. Ila kupiga kelele huwezi. Ukitaja yartsa kwa sauti, kambi nzima inakuja kukukalia kichwani. Nikaokota kokoto. Nimerudisha mifugo kwa mawe tangu utotoni. Nikairusha taratibu, ikatua kando ya kijiti.

Yangzom akageuka, uso umekunjamana. Nikaonyesha kwa kidevu. Akainama, akachimba pole pole, akatoa kiwavi mzima wa manjano. Akanitazama. Nikarusha nyingine, kulia kwake. Akachimba. Nikarusha ya tatu.

Akaanza kutabasamu, jambo ambalo halifanyi kabla ya saa sita.

Tulikuwa tumehama mteremko mara mbili Tenpa alipokuja mbio, anahema, fimbo mkononi.

"Wewe mzee! Watu wanasema unampiga dada yangu mawe."

"Nampiga."

"Mwache," Yangzom akasema, bila kuinua kichwa. "Na uondoe huo mguu, umekanyaga yangu."

Tenpa akatazama chini. Kokoto yangu ilikuwa kando ya kiatu chake, na kijiti kilikuwa kimelala chini ya soli. Aliinua mguu kama aliyekanyaga moto.

Jioni Yangzom alifungua kitambaa chake mbele ya mkuu wa kijiji. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Watu walivuta shingo, na mzee mmoja alisema hajaona mavuno ya siku moja kama yale tangu theluji kubwa.

"Nyumba yenu mnabadili jina?" mkuu akauliza.

"Hatubadili," Yangzom akajibu. "Tenpa atashuka kesho alfajiri. Yaki wamemkumbuka."

Tenpa alikunywa chai yake yote.

"Shemeji," akasema, "unakaa upande gani wa jua?"

"Kachunge kwanza," nikamwambia. "Ukifika umri wangu utauona mwenyewe."

Asubuhi nilijaza kokoto mifuko yote miwili, nikapanda na mke wangu. Nilipofika mahali pazuri, nikakaa.