Mbolea ya Albano

Mwaka ule wa kampeni ya kilimo, wakulima wa Tegeta waliambiwa serikali inatoa ruzuku. Kila aliyesafisha shamba lake angepewa mbegu ya mahindi na mbolea ya chumvichumvi bila kulipa. Shamba la pori lisingepata kitu.

Eufrazia hakujisumbua hata kwenda mkutanoni. Shamba lake lilikuwa kule walikokaa kabla ya kuhamishwa, mbali na kijiji kipya cha ujamaa, na tangu mumewe Albano azikwe pale hakuwa amekanyaga. Kila akitaka kwenda, aliishia njiani akarudi. Aliambiwa nyasi zimeshafika kifuani.

Asubuhi moja alikuwa anatwanga muhogo mkavu na wifi yake, Yuliana, ikasimama Landrova ya bwana shamba mpya. Gozbert alikuwa kijana wa Bukoba, hata wiki hajamaliza pale kijijini.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba."

"Nimewaletea mbolea yenu, na mbegu. Mzee nimemwacha shambani, kasema nizishushe hapa kwa mkewe."

Mchi wa Yuliana ulibaki juu. "Mzee gani?"

"Wa lile shamba la kwenye mikorosho. Anajituma yule! Nimemsalimia weee, ndipo akainua kichwa." Gozbert akacheka. "Nilipompa mkono nikaona hana kidole gumba. Kaniambia tezo ilimkata, akichonga vinyago."

Eufrazia alikaa chini palepale, kwenye unga.

"Mkono wake ulikuwaje?" aliuliza.

"Wa baridi, mama. Nikajua ametoka kunawa."

Gozbert alishusha magunia, akaaga, akaenda zake.

Jua lilipokuwa utosini, mawifi wawili walifika shambani. Lilikuwa limelimwa lote. Mistari imenyooka, mashimo ya mbegu tayari, na magugu yamerundikwa pembeni, mabichi, hayajaanza hata kunyauka kwa jua lile. Hakukuwa na nyayo. Hakukuwa na ndege aliyelia kwenye mikorosho.

"Kuna mtu katusaidia," Yuliana alisema, lakini sauti yake haikuamini. "Wanakijiji, labda."

Eufrazia alikuwa anatazama katikati ya shamba. Pale penye kaburi, jembe lilikuwa limezunguka na kupita. Nyasi zilisimama ndefu, zimeficha msalaba wote, kipande kimoja cha pori kwenye shamba zima.

"Wifi, turudi. Mie naogopa."

"Pale ameniachia mimi," Eufrazia alisema.

Alipiga magoti akaanza kung'oa kwa mikono. Nyasi zilimkata viganja. Aling'oa huku machozi yakimtoka, akimwomba radhi mumewe kwa Kimakonde, kwamba alimwacha huku peke yake kama mtu asiye na ndugu. Msalaba ulikuwa umeanza kuonekana aliposikia jembe nyuma yake. Lilipiga udongo taratibu, likapumzika, likapiga tena, na kila likipiga ardhi ilitikisika kidogo chini ya magoti yake.

Yuliana alipiga yowe, akakimbia bila kuangalia nyuma.

Eufrazia naye hakugeuka. Alijua akigeuka hataweza kusimama tena.

"Mbolea imefika, Albano," alisema. "Na mbegu. Kesho nitapanda."

Jembe likanyamaza. Kwa muda alisikia mtu akihema, pumzi nzito za mtu aliyechoka kazi, karibu kabisa na bega lake. Kisha jembe likaanza tena, lakini mbali, upande wa mikorosho, likazidi kusogea mpaka asilisikie.

Alimaliza kung'oa nyasi, ndipo akarudi kijijini.

Alipanda kesho yake kama alivyoahidi, akatia mbolea kila shimo. Mahindi yalibeba vizuri kuliko ya mtu yeyote Tegeta msimu ule, na Gozbert aliwaleta wakulima wengine kuja kuyatazama.

Yuliana alikataa kuyala. Eufrazia aliyala, mabichi na makavu, mpaka ghala likabaki tupu.