Mchanga Mweupe wa Maridadi

Asubuhi hiyo farasi wa mama mkwe alizitazama nyasi zake, akazitazama tena kama mgeni aliyeandaliwa kiporo, kisha akazigeuzia mgongo.

Maridadi aliumia. Nyasi hizo alikuwa amezipanga kwa mikono yake mwenyewe, juu ya mchanga mweupe, katika umbo la moyo. Kazi yake ilikuwa kupamba kumbi za harusi, na katika miaka yote ya kazi hiyo hakuna bibi harusi aliyewahi kumgeuzia mgongo. Leo kageuziwa na farasi.

"Kula, mama," alimbembeleza. "Kula basi, hata kidogo."

Farasi alipuliza pua, akageuza shingo, akaangalia ubavu wake mwenyewe.

Sasa, farasi huyu hakuwa farasi wa hivi hivi. Ndiye aliyekuwa akivuta gari la mikate la mama mkwe, duka hadi duka, tangu mke wa Maridadi akiwa msichana. Alikuwa amezeeka kidogo, na mimba aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa na ya mwisho. Mtoto atakayezaliwa ndiye angekuja kulivuta gari hilo. Wakifa hawa wawili, gari linabaki kuwa kiti cha kuku, na mwenye mikate anabaki na mikate yake.

Mama mkwe alipokwenda hospitali kutengenezwa goti, alimkabidhi mkwewe kamba ya farasi na maneno machache. "Baba, huyu mpe nyasi, mpe maji, mpe kivuli. Mengine usijisumbue."

Maridadi aliyasikia yote, ila lile la mwisho liliingia sikio hili likatokea lile. Maana alikuwa na deni la heshima na mama huyu. Siku ya harusi yake alimsikia akimwambia bintiye, tena bila kunong'ona, "Mume si mbaya. Ana vitambaa vizuri." Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sasa Mungu kamletea farasi mwenye mimba, na Maridadi akaapa kwamba mama mkwe akirudi atashika kinywa.

Akaanza na hori, lile sanduku la kulishia farasi. Lilikuwa hori la mbao, la zamani, kingo zimetafunwa, ndani limelambwa hadi linang'aa, na lilinuka pumba za miaka. Akaling'oa ukutani, akalipaka rangi ya dhahabu, akalipeleka langoni na kulijaza mawaridi ya plastiki. Kisha akakumbuka mchanga. Kuna bibi harusi mmoja aliyetaka ufukwe ndani ya ukumbi, na mchanga wake mweupe ulibaki umerundikwa nyuma ya stoo. Maridadi akaumwaga ua mzima, akausawazisha kwa reki, akaupaka ukuta rangi ya samawati. Chakula kikawa kinatandazwa chini, leo umbo la moyo, kesho umbo la nyota.

Mtaa mzima ulikuja kupiga picha. Yeye akapabatiza mahali hapo jina, Ufukweni.

"Na hori?" mkewe aliuliza.

"Mke wangu, wewe ungependa kulia kwenye sanduku?"

"Mimi si farasi."

"Ndiyo maana huelewi."

Kwa hiyo asubuhi ile farasi alipokataa kula, Maridadi hakuita mtu. Aliinama, akazizoa zile nyasi, akazibana kwapani, na kuzificha stoo nyuma ya mabunda ya vitambaa. Mkewe alipochungulia dirishani akakuta pamebaki mchanga mtupu.

"Leo amemaliza mapema," mkewe akasema.

"Hamu ya mimba hiyo," Maridadi akajibu.

Jioni akaficha tena. Kesho yake akaficha tena, na safari hii farasi hata kunusa hakunusa. Alikuwa akikwaruza mchanga kwa kwato, analala, anaamka, anajinyoosha kama anayetaka kukojoa na haendi popote. Maridadi akafikiri huenda rangi ya samawati imemchosha. Akatundika mapazia.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, kutoka hospitali.

"Baba, mgonjwa wangu hajambo?"

"Hajambo sana, mama. Anakula mpaka naona haya."

"Alhamdulillah. Na mavi?"

"Mama?"

"Mavi, baba. Anapata choo?"

Maridadi hakuwa ameyatazama mavi ya mtu wala ya mnyama kwa hiari yake tangu azaliwe. "Ya kupendeza," akajibu.

Kisha simu ikakatwa.

Siri haina mlango. Siku iliyofuata farasi alilala katikati ya ua, akagoma kuamka, na kabla chai haijapoa majirani walikuwa wamejaa. Wa kwanza alikuwa mkunga mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye hata ukimwambia una jino bovu atakuuliza umetimiza miezi mingapi.

"Mtoto huyo," alitangaza. "Amekaa tumboni kama mpangaji jeuri. Kachukua vyumba vyote, chakula kikalale wapi?"

"Wapi! Hiyo ni gesi," alisema fundi wa magari, akijifuta mikono kwenye suruali. "Sikilizeni anavyonguruma. Hata injini ikivuta hewa hunguruma hivyo hivyo."

"Wewe umezalisha injini ngapi?"

"Na wewe bibi, umefungua farasi wangapi?"

Maridadi alishika kiuno. "Jamani, huyu farasi anamkumbuka bibi yake, basi. Ni majonzi. Ana moyo laini."

"Ana moyo," mkewe alisema taratibu, "na ana tumbo. Nimemwita daktari wa mifugo."

Daktari alikuja akiwa amevaa mabuti ya mpira, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongea na viziwi. Kwanza alimwamsha farasi akasimama. Akamfunua mdomo, akaangalia ufizi, akapitisha kidole pembeni mwa meno, akapima joto kwa kipimo ambacho Maridadi alipoona kinakoingizwa aligeuka kutazama mapazia.

"Farasi kukataa kula si ugonjwa, ni salamu tu," alisema daktari huku akiendelea. "Sasa lazima tujue salamu zinatoka wapi. Meno yako sawa. Homa hana. Uchungu wa kuzaa haujaanza. Tubaki tumboni. Inaweza kuwa utumbo umejaa gesi, au umeziba, au umejipinda, Mungu aepushe. Inaweza kuwa vidonda. Inaweza kuwa mtoto amebana njia, hapo bibi hajakosea sana."

Mkunga alimtazama fundi kwa jicho la ushindi.

Daktari akaweka kipimo cha kusikilizia chini ya tumbo. Akakaa. Akafumba macho. Akasogeza kidogo, akakaa tena.

"Ajabu," alisema. "Nasikia mawimbi."

"Mawimbi?" Maridadi alichangamka.

"Shwaa... shwaa... Kama bahari inavyopiga ufukweni."

Fundi alikohoa. Mkunga akatazama chini, kwenye mchanga mweupe, halafu akautazama ukuta wa samawati, halafu akamtazama mwenye ukuta.

"Anakula wapi huyu?" daktari aliuliza.

Maridadi alikunjua mkono kama anayefungua ukumbi. "Hapo hapo ulipo, daktari. Kwa nafasi yake. Katika mandhari."

"Chini?"

"Juu ya mchanga. Mchanga safi kabisa, umechekechwa."

Daktari alivaa glavu, akaokota vibonge vichache vya mavi vilivyokuwa pembeni, vidogo na vikavu, akaomba maji na chombo cha kuonyesha ndani. Mkewe Maridadi aliingia ndani. Akatoka na jagi la kioo, lile la wageni, ambalo Maridadi hulipanga mezani katikati ya bibi harusi na bwana harusi.

"Si hilo!" alilia Maridadi.

"Ndilo linaloonyesha," mkewe akajibu.

Mavi yakatumbukizwa, maji yakamiminwa, kijiti kikakoroga. Watu wakalizunguka jagi lililowekwa juu ya ndoo. Ni katika kungoja huko lango lilipofunguliwa, na mama mkwe akaingia kwa gongo, dereva wa teksi akimfuata na mkoba.

"Mama! Si ulisema Jumapili?" Maridadi alitokwa na jasho.

"Niliposikia mavi ya kupendeza, baba, nikawaomba waniruhusu." Alilipita hori la dhahabu, akasimama, akalirudia kwa macho, akaendelea. Hakuwasalimu watu. Alikwenda kwa farasi, akamwekea shavu shingoni. Farasi alitoa sauti ndogo ambayo Maridadi hakuwahi kuisikia.

"Mimi naomba mchanga huu uchunguzwe," Maridadi alianza, akimgeukia daktari. "Aliyeniuzia alisema ni wa daraja la kwanza. Kama nimedanganywa..."

"Tazama jagi," alisema daktari.

Nyasi zilizosagwa zilikuwa zimeelea juu. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Na chini kabisa, kwenye kitako cha kioo, palikuwa na tabaka jeupe, safi, limetulia vizuri kana kwamba limepigwa reki.

"Daraja la kwanza kweli," fundi alisema.

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alikuwa ameshika gongo kwa mikono miwili.

"Sikilizeni," daktari alisema. "Kila akiokota nyasi anaokota na mchanga. Umelala tumboni, mzito. Naweza kumpitishia mpira puani nikamwekea maji na mafuta, tukausukuma. Lakini nataka ukweli wa jambo moja. Mara ya mwisho kula vizuri lini? Kama ni leo tu, nitakwenda polepole. Kama ni siku kadhaa, ni habari nyingine. Farasi mwenye mimba akikaa na njaa mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta, ini linaelemewa, tunampoteza yeye na wa ndani. Hapo lazima nimwekee na dripu sasa hivi, na ninayo moja tu garini. Kuna mwingine ananisubiri."

"Jana alikula," mkewe alisema. "Juzi pia. Nimeona mwenyewe, alikuwa akimaliza. Sivyo, baba watoto?"

Macho yote yakamwendea Maridadi. Alikuwa na jibu tayari, la kupendeza, limekunjwa vizuri kama kitambaa. Alilifungua kinywani, na wakati huo huo farasi akapiga magoti, akajilaza, akatoa pumzi ndefu. Mama mkwe akaliacha gongo lianguke, akamwinamia. Maridadi hakuwahi kumwona mama huyu akiinama. Alikuwa hajui kwamba anaweza.

Akageuka, akaenda stoo. Wakasikia mabunda yakiangushwa. Akarudi amekumbatia nyasi hadi kidevuni, akazimwaga chini, akarudi tena, akaleta nyingine. Zilikuwa bado zimepindapinda, nyingine nusu moyo, nyingine ncha ya nyota.

"Hajala," alisema. "Tangu juzi. Nilizificha. Mama, nilitaka ukija ukute..." Hakuweza kumaliza, kwa sababu alichotaka kiwe hapo kilikuwa hapo, kila mtu anakiona, mpaka na mapazia.

"Dripu," daktari alimwambia dereva wa teksi, maana ndiye aliyekuwa karibu na lango. "Kimbia."

Kazi ilikwenda mpaka jua likaondoka uani. Mpira ulipita puani, mafuta yakaingia, dripu ikatundikwa kwenye fimbo ya pazia, na hicho ndicho kitu pekee cha Maridadi kilichofaa siku ile. Alizungushwa farasi polepole, akapumzishwa, akazungushwa. Maridadi alishika koleo. Alizoa mchanga tangu ukutani, akasomba kwa ndoo, na ndoo zilipokosekana akasomba kwa vyungu vya maua. Hakuna aliyempiga picha.

Hatimaye farasi alisimama, akainua mkia, na kilichotoka kilikuwa kingi na kizito na cheupecheupe. Mkunga alipiga kigelegele kama aliyepokea pacha. Maridadi akakimbia kutazama, akainama kabisa, pua karibu.

"Upo, mama!" alipaza sauti. "Mchanga umo, umo tele!"

"Haya," mama mkwe alisema. "Sasa umeyaona."

Hori lilirudishwa ukutani. Maridadi alilikwangua rangi ya dhahabu kwa kisu, akalisugua kwa maji, akagongelea misumari mwenyewe. Daktari aliruhusu nyasi kiganja kimoja, zilizoloweshwa. Farasi alinusa kingo zile alizozitafuna mwenyewe miaka na miaka. Akaingiza mdomo. Wote walisimama kimya kumsikiliza akitafuna.

"Hajavuka," daktari alionya akifunga mkoba. "Usiku huu na kesho ndivyo vitasema. Lakini anataka kuishi, huyo."

Mama mkwe alipekua hori kwa mkono, kama afanyavyo mtu asiyeamini kazi ya mwenzake. Akatoa waridi moja la plastiki, jekundu, lililokuwa limejibana pembeni.

"Na hili?"

"Lilisahaulika, mama."

Alilitazama. Kisha akamchomekea Maridadi mfukoni mwa shati, akalinyoosha likae sawa.

"Baba, ukitaka kupamba, pamba kitu kisicho na tumbo."

Akajikokota hadi kwenye kiti kilichowekwa karibu na farasi, akakaa, akalinyoosha goti lake. Maridadi alibaki amesimama, hajui kama amefukuzwa.

"Unangoja nini?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka. "Lete kiti chako. Mavi yatatazamwa na nani?"