Nywele za Mama

Mama alipopata kiharusi alihamia kwa bintiye mkubwa, fundi cherehani ambaye majirani walimwita Bi Sindano. Mkono wa kulia ulikuwa umelala. Mengi aliyasamehe, lakini nywele zake ndefu za mvi alitaka zitunzwe vilevile.

Binti mdogo, msusi, akaleta chupa ya kondishona. "Ukishamwosha mpake hii, mchane taratibu, halafu suuza."

Alipoondoka, Bi Sindano aliigeuza chupa akajaribu kusoma yale majina marefu ya nyuma. Yakamshinda. Mteja aliyekuja kupunguziwa sketi akatia chumvi: "Kemikali hizo zinapenya kichwani mpaka kwenye damu!" Chupa ikaenda jalalani. Mama akawa anaoshwa kwa sabuni ya mche.

Nywele zikakauka, zikafungamana. Kila kuchana kukawa vita: Mama kang'ang'ania kiti, machozi yanamlengalenga, chanuo linatoka na vishungi.

"Vumilia, mama. Ni kwa faida yako."

Asubuhi moja Mama akasema, "Mwanangu, lete mkasi. Nimechoka."

Bi Sindano alizikata kwa mkasi wa vitambaa.

Msusi alipokuja, alisimama mlangoni akimtazama mama yake. Hakugomba.

"Chupa iko wapi, dada?"

"Niliitupa. Niliogopa hizo kemikali."

"Ile inashika juu ya unywele tu, dada, ndiyo maana chanuo linateleza. Hayo majina marefu, mengine ni ya mafuta, jingine la kuzuia ukungu. Kweli, zipo ngozi zinazoikataa. Ndiyo maana nilimjaribu kwanza nyuma ya sikio, haikumwasha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utaniuliza."

Bi Sindano akaanza kulia. Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Acheni matanga, sijafa. Majuto ni mjukuu, na wajukuu ninao tele."

Nywele ziliota, ila nyepesi, hazikufika hata shingoni. Bi Sindano alinunua chupa nyingine. Siku ya kwanza kumpaka, chanuo lilipita bila kukwama na Mama akasinzia palepale kitini. Bi Sindano akaendelea kuchana, ingawa hapakuwa na cha kuchana, akikumbuka jinsi alivyokuwa akikishika kichwa kile kwa nguvu na kuiita nguvu hiyo mapenzi.