Sauti ya Ndaki

"Faili halipo." Kompyuta ilirudia jibu hilohilo, nami faili nililiona kwa macho yangu, palepale kwenye kioo, na jina lake: ndaki.

Nyuma yangu mama Milembe alikaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge kimefunika magoti. Alikuwa ametoka Sapiwi asubuhi ile. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi, naye alitaka sauti ya marehemu mumewe isikike harusini. Mzee Ndaki aliongea kwenye redio yetu ndogo ya Bariadi mara moja tu, msimu wa pamba, tena kando ya kiwanda cha kuchambulia. Maneno yake yalimezwa na mngurumo wa mashine.

Enzi za Deogratias, fundi mitambo wetu wa zamani, hilo lisingekuwa tatizo. Aliandika programu ya kufuta kelele kwenye kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, huku tukila karanga na kubishana kama tulichosikia ni ndege au ni kiti kinalia. Sikujua wakati ule kwamba hizo ndizo siku nitakazozikumbuka. Kisha akahamia Dodoma, ile kompyuta ikaungua, tukaletewa mpya zenye Windows. Programu yake niliihamisha, nikaiwekea hata mazingira ya Linux ndani ya Windows. Bado iligoma.

Nikampigia.

"Ile orodha ya majina ya faili inayosomwa na programu, umeiandikia wapi?" aliuliza.

"Kwenye Notepad."

Akacheka taratibu. "Dada Felisita, Windows inaweka alama isiyoonekana kila mwisho wa mstari. Programu yangu inaidhania ni sehemu ya jina. Inamtafuta ndaki mwenye mkia, na huyo hayupo."

Akanitajia amri ya kukata mikia. Nikaiandika, simu nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai. Programu ikanyamaza kidogo, kisha ikashika kazi.

Mngurumo ukafifia hadi ukaisha. Mzee mmoja akakohoa, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka."

"Mwangaluka," mama Milembe akaitika, akanyoosha kitenge chake kama mtu aliyefikiwa na mgeni.

Ndaki akasimulia jinsi mvua zilivyochelewa mwaka ule, na mkewe akawa anaitikia, "Ee… ee," hadi rekodi ikafika mwisho.

Nilipoichukua simu niikate, Deogratias alikuwa bado yupo, anasikiliza.

"Irudie," alisema.