Harufu ya Mikono ya Kosgei

Mikono ya Kosgei ilianza kumuuma mwaka ule Wagikuyu walipopakiwa kwenye malori na kuondolewa katika mashamba ya Rongai. Kang'ethe, aliyekuwa akikamua upande wa pili wa zizi, aliondoka na blanketi tu begani, na ng'ombe wake wakagawiwa waliobaki. Ng'ombe hajui hali ya hatari; kiwele kikijaa kinataka kukamuliwa. Kosgei akakamua wake, akakamua na wa mwenzake, alfajiri na alasiri, mpaka vifundo vya vidole vikavimba na maumivu yakapanda kutoka viganjani hadi mabegani. Hayakuwa mgeni wa kulala siku mbili akashika njia yake. Yalihamia.

Alikamua akiyaficha. Mkamuaji asiyeweza kukamua hana kazi, na asiye na kazi hana kibanda, wala ruhusa ya kulisha mifugo yake kwenye nyasi za Bwana, mzungu mwenye shamba. Nyuma ya kibanda cha Kosgei kulikuwa na makaburi mawili madogo ya wanawe. Kericho, kwa baba yake, alitoka angali amebebwa mgongoni. Hakuna aliyemjua huko. Mikono yake ndiyo iliyoshikilia yote hayo, nayo ilikuwa ikimfia.

Alikwenda hospitali Nakuru. Daktari alimpa vidonge vyeupe, akamwambia kwa upole apumzishe mikono. Kosgei akashukuru. Njiani kurudi alicheka peke yake, maana ilikuwa kama kumwambia mtu anayevuka mto apumzishe miguu.

Vidonge vilipokwisha, mkewe Jeruto akaichukua kazi ya kumtibu. Alimchapa vidole kwa majani ya kuwasha, vikavimba zaidi. Akamwita mzee mmoja mwenye pembe ya kuumika, akamtoa damu nyeusi kwenye viwiko; Kosgei akapata nafuu iliyokwisha kabla ya chale kupona. Watu wa kanisa wakaja wakamwombea, wakanywa chai, wakaenda zao.

"Baba Kiprugut," Jeruto akasema jioni moja, "kuna kitu nyanya alikuwa akiwafanyia wazee kule juu msituni, wakati wa baridi. Nilikiona kwa kona ya jicho tu."

"Fanya kile ulichokiona. Hii mikono hata ukiipika, mimi sisemi kitu."

Akawasha makaa ya senetwet, mti uleule ambao kila nyumba ya Kipsigis hutumia kusugulia kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yanayopendwa kwa harufu yake ya moshi. Juu ya makaa akaweka majani mabichi ya leleshwa, kichaka chenye harufu kali. Kosgei akaingiza mikono chini ya ngozi ya ng'ombe iliyofunika makaa, kwenye ule moshi mzito, akatoa jasho mpaka puani. Kisha Jeruto akamsugua taratibu, kidole kimoja kimoja, kwa mafuta ya mkia wa kondoo yaliyokaa muda mrefu juu ya meko, akamfunga viganja kwa ngozi ya mwanakondoo.

Asubuhi vidole vilifunguka. Kosgei alivitazama kama mtu aliyeletewa watoto wake waliopotea. Alivikunja, akavikunjua, akakunja tena.

"Jeruto," akaita, akimnyooshea mikono yote miwili.

Tangu hapo alisuguliwa kila jioni. Maumivu hayakwenda mbali, yalijikunyata tu pembeni, lakini alikamua. Hata alianza tena kuwaimbia ng'ombe, jambo alilokuwa ameliacha. Jeruto, akiwa mtoni, aliisikia ile sauti ikitoka zizini, akasimama na mtungi wake kichwani hadi wimbo ulipokwisha.

Kisha mikebe ya krimu ikarudi. Ilikuwa imepelekwa kwa gari moshi hadi kiwandani, ikarudishwa stesheni ya Rongai ikiwa bado imejaa. Bwana akawapanga wakamuaji wote mbele ya chumba cha maziwa.

"Hii krimu nanuka moshi," akasema. "Nani naleta moshi kwa maziwa yangu? Wewe, Kosgei, wewe mzee. Nusa hii."

Kosgei akainama juu ya mkebe. Alivuta harufu kwa moyo safi, kama mtu aliyeombwa ushauri, akainuka.

"Nzuri, Bwana. Haina makosa."

Bwana akamtazama, akaita mwingine, na mwingine. Karibu wote walikuwa Wakipsigis, na wote walikuwa wamelelewa kwa kibuyu. Kila mmoja alinusa akasema nzuri. Mmoja akasema nzuri sana. Makokha peke yake, mtu wa Kimilili aliyezungusha mashine ya krimu, alinusa akaangalia vidole vya miguu yake.

Ndipo Bwana akaanza kunusa mikono, mmoja baada ya mwingine. Kwa Kosgei akasimama.

"Ni dawa, Bwana," Kosgei akasema. "Mikono inauma."

"Pole. Lakini mimi nauza krimu, hapana dawa. Toka leo sabuni nyekundu, kila siku. Mimi nasikia hii harufu tena, wewe nakwenda."

Walipobaki wawili Makokha akamsogelea. "Mzee, mimi niliisikia hiyo harufu tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo mnavyonukia."

Kosgei akacheka mpaka akashika ukuta. Makokha naye akacheka, kisha akaacha, kwa sababu aliona mzee ameacha muda mrefu na bado ameshika ukuta.

Jeruto hakukubali upesi. Alijaribu moshi bila mafuta, harufu ikabaki. Akajaribu mafuta mapya bila moshi. Hayakuwa na nguvu. Alimkanda kwa jiwe lililopashwa moto likafungwa kitambaa, na kwa maji ya chumvi. Kila kitu kilisaidia kidogo, na kidogo hakitoshi kukamua ng'ombe. Sabuni nayo ilikausha ngozi mpaka ikapasuka, na vidole vikaanza kurudi vilikokuwa, kimya kimya.

Makokha alijitahidi. Kosgei alipoacha maziwa ndani ya kiwele, Makokha alijifanya amekuja kuchukua ndoo, akachuchumaa akayamalizia. "Huyu ng'ombe wako ana maneno, mzee," alikuwa akisema kwa sauti ili wengine wasikie. "Ananipenda mimi kuliko wewe." Lakini maziwa yanayobaki kwenye kiwele hayakai bure. Ng'ombe mmoja akavimba chuchu, akafuata mwingine, na nyapara hakuwa kipofu.

Siku Kosgei alipoitwa, Bwana hakugomba. Kosgei angependa agombe. Alimwomba tu afunge ngumi mbele yake, akangoja. Kosgei akafunga alivyoweza. Katikati ya vidole na kiganja ingepita kamba.

"Mzee," Bwana akasema, "mikono kwisha. Mahindi nakwisha kuvunwa, wewe nahama."

Jeruto alikuwa mlangoni akipepeta mtama. Alimwona akija na kigoda chake cha kukamulia kimebanwa kwapani, kwa kuwa mkononi hakikushikika. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatia maji kwenye sufuria, akachochea moto.

Kosgei akakaa kwenye kigoda, akalaza mikono yake mapajani, viganja juu.

"Maji ya nini hayo?"

"Ya mikono."

"Mikono ya kufanya nini, Mama Kiprugut?"

Jeruto akainama kuupuliza moto, akaendelea kuupuliza hata baada ya kuwaka.