Matawi ya Majilio

Elinipendo hakuwa mpiga ramli, ingawa wenzake pale Moshi walimtania hivyo. Alikuwa bibi misitu, na mwaka ule wa 1989 alitakiwa kutabiri. Vidukari wa kigeni, wadudu wafyonza utomvu, walikuwa wameingia nchini, misaiprasi, miti ya kupandwa ya mashamba ya chini, ikawa inakauka ingali imesimama. Je, ugonjwa ungepanda hadi kwenye mitarakwa, miti ya asili ya mlimani?

Alipima upepo, akapima mvua, akasema misaiprasi ikikatwa na kuchomwa, mitarakwa itapata nafuu ya miaka mitatu hivi. Misaiprasi ikakatwa. Kuchoma kukasubiri, maana vibarua nao walikuwa na Krismasi yao. Roho haikumtulia hata kidogo. Mitarakwa ya kwanza kwenye njia ya vidukari ilikuwa ile ya juu ya kwao Masama, inayofunika chemchemi iliyomlea.

Desemba Mchaga haulizwi kama anarudi nyumbani. Elinipendo alipanda, na kwa kuwa mama yake, Magreth, alikuwa mkubwa wa kwaya, alimfuata moja kwa moja kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona tulivyopendeza?"

Madhabahu yote ilikuwa kijani. Matawi ya msaiprasi yalizunguka nguzo, mimbari, hata kinanda. Elinipendo aligeuza tawi moja. Vidukari walikuwa wamejipanga juu ya gome, weusi, wameshiba.

"Mmeyatoa wapi haya?"

"Kule chini! Mliikata miti mkaiacha. Mwaka huu hatukununua hata tawi. Kila mama alipanda na mzigo wake kichwani."

Upepo aliupima. Akina mama wa kwaya hawakumjia akilini kabisa.

"Yachomwe leo, mama. Yote. Yana wadudu wauao miti; yakichomwa, mitarakwa yetu itapata nafuu ya miaka mitatu. Namshukuru Mungu hayajatoka humu ndani."

Magreth alishika khanga yake, akaikunja, akaikunjua.

"Haya ni ya Krismasi," alisema taratibu. "Ya Majilio, ya zile wiki nne za kuingojea, tulishayatoa. Yalikuwa yamekaa madhabahuni, mwanangu. Ungetaka tuwape ng'ombe? Tuliyapeleka mahali safi, yasikanyagwe."

"Wapi?"

Macho ya mama yalikwenda mlimani.

Elinipendo alikimbia akifuata mfereji, viatu vya mjini mkononi. Chemchemi ilikuwa inatiririka kama kawaida. Matawi yalikuwa yameegemezwa kwa heshima, moja moja, kwenye mashina ya mitarakwa. Alipanda jiwe, akavuta kitawi cha chini kabisa cha mtarakwa, akakigeuza. Weusi, wamejipanga.

Huku nyuma mama yake alifika akihema. "Umesema miaka mitatu," alisema. "Si umesema miaka mitatu?"