Benchi la Herufi M

Tegua hiki kabla hujakaa vizuri: watu wangu wamepanga foleni tangu babu ya babu yako hajazaliwa. Wa mbele hajawahi kuhudumiwa, wa nyuma hajawahi kunung'unika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsukuma mwenzake. Ni akina nani?

Ukisema askari, umekosa. Askari hunung'unika sana. Ukisema meno, umekosa pia. Meno husukumana, muulize aliyeota la mwisho. Ni herufi hao, A mpaka Z.

Basi Bi Kadi alizijua herufi zote, maana alimaliza darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa daktari yeyote. Alizijua, lakini kazini hakuzitumia. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la zahanati, na sanduku la bati mbele yake, ndani yake kadi sitini za watu wa presha. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi hao sitini walikuja kupimwa. Kadi zilivyofuatana sandukuni, ndivyo watu walivyofuatana kwenye benchi refu la ukumbini, bega kwa bega, wakisogea makalio kwa makalio mpaka mlangoni kwa daktari.

Na Bi Kadi alizipanga kwa amani. Mwalimu mstaafu alimweka mbali na fundi seremala, ambaye alichapwa sana na mwalimu huyo utotoni hata leo akimwona hujishika nyuma. Mwenye kikohozi alimkalisha penye upepo. Mke wa zamani wa muuza mkaa aliitwa saa mbili, mke wa sasa akaitwa saa tano, wasije wakapishana hata mlangoni.

Na kadi ya kwanza kabisa, kila mwezi, ilikuwa ya dada yake.

Hapo pana kisa. Mama yao alipofariki, miaka kumi na moja nyuma, ndugu walikusanyika kugawana vyombo. Dada, kwa kuwa ndiye mkubwa, akapewa sufuria kubwa ya mama, ile iliyowalea wote. Akaigeuza huku na huku, akamtazama mdogo wake mbele ya mashangazi wote, akauliza, "Mfuniko uko wapi?"

Bi Kadi akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. "Kwa hiyo mimi mwizi?" akasema. Akajitwika kapu lake akaondoka. Swali likabaki pale sakafuni kama kisu kilichoanguka, hakuna aliyeinama kuliokota.

Tangu hapo hawaivi chungu kimoja. Hawatembeleani, hawasalimiani. Ila mara moja kwa mwezi dada alifika dirishani akasema, "Kadi," na Bi Kadi akajibu, "Haya." Maneno mawili tu. Lakini kadi yenyewe ilisema mengi. Bi Kadi akiisoma alijua kwamba dada amepungua kilo mbili, kwamba amebadilishiwa dawa, kwamba mwezi ule wa baridi presha yake ilipanda ikatisha. Usiku huo Bi Kadi hakulala. Kwa hiyo akamweka wa kwanza daima, apimwe mapema, arudi nyumbani akapumzike. Huo ndio udugu uliobaki: kipande cha kadi na tundu la dirisha.

Sasa akaja daktari mpya, na baada ya mwezi mmoja akasimama dirishani. Kijana mwenye adabu, viatu vinang'aa, mkononi ana vipande ishirini na sita vya kadibodi, kila kimoja na herufi yake.

"Shikamoo mama. Kadi hizi zimepangwa kwa utaratibu gani?"

"Marahaba mwanangu. Kwa utaratibu wa kichwani mwangu."

"Wiki ile ulipougua mafua, mama, mzee mmoja aliletwa hawezi kusema. Nilitafuta kadi yake dakika arobaini. Arobaini! Nikaikuta kati ya mshona viatu na bibi mmoja wa ng'ambo ya barabara."

"Eeh, kwa sababu hao ndio anaopatana nao."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Lakini hakulegea. Jina la baba kwanza, halafu jina la mtu, A mpaka Z, na benchi lifuate hivyo hivyo.

Bi Kadi akakaa na sanduku lake siku mbili nzima. Herufi M ilivimba ikataka kupasua bati. Q na X zilibaki tupu, basi nyuma ya Q akaweka sukari yake ya chai, ambayo daktari alikuwa amemkataza. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye jina la baba yake mwenyewe. Mkono ukasita. Maana na yeye alikuwa na kadi humo, presha ilikuwa imemwingia zamani, na wote wawili walikuwa wameandikwa kwa jina la baba. Alfabeti ilikuwa inamkalisha na dada yake, hakuna hata unywele katikati.

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaichomeka kadi yake mwisho kabisa, kwenye Z.

Jioni daktari akapitia sanduku. "Mama, wewe umekuwa Z tangu lini?"

"Tangu nizeeke, mwanangu. Nimefika mwisho."

"Rudi nyumbani kwako," akasema daktari, akaichukua kadi akairudisha kwenye M.

Bi Kadi alimjua dada yake. Dada akikalishwa naye atainuka, atahama, ataipeleka kadi zahanati ya pili huko bondeni. Na kadi ikiondoka, nani atamwambia Bi Kadi kama dada yake yu mzima?

Jumanne ikafika. Watu wakaingia, wakakuta kila aliyezoea huku yuko kule. Seremala alikalishwa bega kwa bega na mwalimu mstaafu. Akakaa nusu ya makalio, tayari kukimbia. Wake wawili wa muuza mkaa, wote wameandikishwa kwa jina la mume, wakajikuta wamebanana kama kurasa za daftari. Wa zamani akatazama dari. Wa sasa akatazama sakafu. Ukumbi mzima ukageuza shingo kungojea vita.

"Eti," akasema wa zamani mwishowe, bila kugeuka, "bado anakoroma?"

"Dada yangu! Kama mashine ya kusaga."

"Mpige kiwiko ubavu wa kushoto. Wa kulia hausikii."

Wakaangua kicheko, wa sasa akamsogezea mwenzake mkoba ukae vizuri.

Bi Kadi hakupata nafasi ya kucheka. Kivuli kilikuwa kimesimama dirishani.

"Leo mimi wa ngapi?" akauliza dada. Hilo lilikuwa swali la kwanza kumtoka kinywani mbele ya mdogo wake kwa miaka kumi na moja.

"Wa thelathini na moja."

"Na wa thelathini nani?"

"Mimi."

"Ahaa. Hata alfabeti inakudekeza wewe, kitinda mimba." Dada akaweka mkoba wake dirishani kwa kishindo. "Nipe fomu ya kuhama. Naenda bondeni."

Bi Kadi akatoa fomu. Kazi ni kazi, akajaza jina, akajaza jina la baba, ambalo halikuhitaji kuulizwa. Akafika pale palipoandikwa Sababu ya Kuhama. Kalamu ikasimama.

"Sababu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Andika mfuniko."

"Dada, daktari hataelewa."

"Basi andika: nilimwuliza mtu swali, hakunijibu mpaka nikaota mvi."

Mlango ukafunguka. "Fomu za kuhama nasaini baada ya vipimo," akasema daktari, bila kujua ametia mguu wapi. "Wa thelathini na wa thelathini na moja, kaeni mngojee zamu. Mama, na wewe toka dirishani, leo ni mgonjwa kama wenzako."

Wakakaa. Dada akaiweka fomu mapajani, sababu haijajazwa. Bega lake liligusa bega la Bi Kadi, na Bi Kadi akasikia harufu ya sabuni ile ile ya mama, ya mche, ambayo dada hakuwahi kuacha kufulia. Benchi likasogea nafasi moja. Likasogea tena.

"Unadhani sikujua," akasema dada, macho mbele.

"Hukujua nini?"

"Nani aliyekuwa ananiweka wa kwanza. Kila mwezi. Hata siku niliyochelewa kwa mvua, nikafika saa nne, niliitwa papo hapo mbele ya waliokuwa wakingoja. Watu wakaninunia benchi zima! Leo nilipokuta siitwi, nikasema basi, mdogo wangu amechoka na mimi."

"Sijachoka. Ni alfabeti."

"Na presha yako wewe? Mimi nani ananiambia? Sina dirisha la kuchungulia."

Bi Kadi alikuwa hajawahi kufikiri kwamba upande wa pili wa tundu lile kuna mtu naye anataka kusoma kadi.

"Imepanda kidogo," akasema. "Daktari amenikataza sukari."

"Na umeacha?"

"Iko nyuma ya Q."

Dada akabana midomo, lakini mabega yalimsaliti, yakaanza kutikisika. Akacheka kimya kimya mpaka machozi yakamtoka, na Bi Kadi naye akaambukizwa, na mke wa zamani akamgusa mke wa sasa kwa kiwiko, tazama wale.

"Wa ishirini na tisa!" akaita daktari.

Sasa wao ndio waliofuata. Dada akajifuta macho, akaichukua kalamu kutoka mfukoni kwa Bi Kadi, akaiweka juu ya fomu, pale penye sababu. Hakucheka tena.

"Miaka kumi na moja nafunika sufuria ya mama kwa sinia," akasema. "Mvuke wote unatoka. Sikuiti mwizi. Sikuwahi kukuita. Nakuuliza tena, polepole, hapa hakuna shangazi hata mmoja. Mfuniko uko wapi?"

Bi Kadi akapiga moyo konde.

"Uko jikoni kwangu, kwenye msumari," akasema. "Niliuchukua asubuhi ile kabla hamjaamka. Nilijua sufuria utapewa wewe, utakwenda nayo mbali, na mimi hutanikumbuka tena. Nikasema, dada akikosa mfuniko, atakuja kwangu kuutafuta."